Vokali (sauti ya mwimbaji) inachoma, inapumua au imepata kithembe: tafuta chanzo kabla hujaongeza plagini

Kuna kijana mmoja wa Msangamkuu huwa anavuka na kivuko kuja kurekodi kwangu hapa Chikongola, Mtwara, ana mstari kwenye wimbo wake unasema "sijasahau siku zile sisi sote tuko sawa", hesabu mwenyewe, S saba na Z moja kabla hajavuta pumzi. Nilimiksi usiku nikamtumia, asubuhi akasikilizia kwenye bajaji ya rafiki yake akanipigia, kaka mbona humu ndani kama kuna nyoka. Nikaweka di-esa, plagini (programu ndogo ya kurekebisha sauti) ya kushusha S. Haikutosha, nikaweka ya pili, alafu ya tatu, akasikiliza tena akasema sasa naimba kama mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Ikabidi nizime kila kitu nianze upya, plagini moja baada ya nyingine, na nilipofika kwenye kompresa, ile inayobana sauti kubwa zikaribiane na ndogo, ndo nikaona: ilikuwa inashusha dB 12 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) karibu kwenye kila neno. Zile S hazikuwa za kwake. Nilizipandisha mimi, alafu nikaweka plagini tatu za kuzishusha.

Ndo maana naandika hivi, kwa ugonjwa: unaskia nini, kinaweza kuwa kimeletwa na nini, ufanye nini. Nenda moja kwa moja kwenye tatizo lako, ila hili la kwanza lisome hata kama una haraka.

## Huna uhakika kama kompresa inasaidia au inaharibu

Zima, washa, zima, washa. Kila mtu anafanya hivyo, shida ni kwamba kompresa ikiwaka sauti inakuwa kubwa kwa sababu ya meki-api geini, yani volyumu inayorudishwa baada ya kubana, na sikio la binadamu likisikia kitu kimepanda hata dB 1 au 2 linasema hiki ndo kizuri. Kwa hiyo unajikuta umekubali setingi mbovu kwa sababu tu ina kelele zaidi. Shusha ile geini ya kutokea mpaka sauti ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa zilingane kwa sikio, alafu funga macho, bonyeza baipasi, kile kitufe cha kuzima na kuwasha plagini, mara kumi bila kuhesabu mpaka usijue ipo wapi, ndo usikilize. Kama iliyozimwa ni nzuri zaidi basi iliyowashwa inaharibu, hata kama umeitoa kwa prodyuza mkubwa. Nafanya hivi kwenye kila treki na bado kuna siku nashangaa.

## S hazikuwepo kwenye rekodi, zimekuja baada ya kompresa

Hili ndo tatizo namba moja na ndo linaeleweka vibaya kuliko yote, ngoja nilieleze taratibu kwa namba.

Mtu akiimba "sawa", ile A ina nguvu nyingi, S ina nguvu ndogo. Tuseme A inafika -8 dB na S inafika -18 dB, tofauti yake ni 10, na hiyo ndo tofauti ya asili ambayo sikio limeizoea mtu akiongea. Sasa umeweka threshodi, yani ule mstari ambao sauti ikiuvuka kompresa inaamka, kwenye -18, resho (kiwango cha kubana) 5 kwa 1. Irabu A imevuka mstari kwa dB 10, resho ya 5 kwa 1 inaacha 2 tu, kwa hiyo A inashuka hadi -16, yani imepoteza 8. Ile S haijavuka mstari, haijaguswa, iko pale pale -18. Alafu unasema aah sauti imekuwa ndogo, unarudisha meki-api geini dB 8. A inarudi -8 ilipokuwa. S inapanda hadi -10. Tofauti ilikuwa 10, sasa ni 2. S inakaribia kulingana na irabu! Na hapo bado hujaweka ikwalaiza (ya kupandisha au kushusha masafa, yani sauti nene au nyembamba) ya kung'arisha.

Rilizi, yani muda kompresa inaochukua kuachia, nayo inahusika. Ikiwa ya haraka sana, kompresa inaachia irabu ikiisha tu, S ya neno linalofuata inakuja wakati mlango uko wazi kabisa, inapita yote. Rilizi ikiwa ndefu kidogo S inapita wakati kompresa bado imekandamiza, inatoka imepungua.

Kwa hiyo kabla ya kuita di-esa jaribu hivi. Pandisha threshodi mpaka mita ya kushusha isome dB 3 hadi 5 kwenye maneno makubwa na irudi sifuri kwenye maneno madogo. Resho iweke 3 kwa 1. Rilizi iongeze kutoka milisekunde 30 kwenda 80 au 100. Ukiona bado sauti inaruka ruka, usiibane zaidi hiyo hiyo, weka kompresa ya pili nyuma yake nayo ishushe dB 2 au 3 tu. Mbili zinazofanya kazi kidogo kidogo zinatoa sauti ya kawaida kuliko moja inayobeba mzigo wote, na kwenye vokali nyingi nilizowahi kuokoa hii peke yake ilimaliza nusu ya tatizo la S.

Ikwalaiza pia iangalie. Watu wanapenda kupandisha kHz 10 au 12, sauti nyembamba za juu, ili sauti ing'ae, na wanaiweka baada ya di-esa. Umeshusha S mlango wa mbele, umeirudisha mlango wa nyuma. Kama lazima ung'arishe, ng'arisha kwanza di-esa ifuate.

## S zinachoma hata ukizima plagini zote

Hapo sio mikisi, ni rekodi. Zima kila kitu, sikiliza treki tupu. Kama S inachoma ikiwa tupu, angalia maiki.

Kondensa, zile maiki za studio zinazonasa hata sauti ndogo, nyingi za bei rahisi tunazonunua zimepandishwa juu huko, kwenye kHz 8 hadi 10 hivi, ndo maana dukani zinasikika kali na safi, alafu mtu akisimama mdomo unatazama maiki moja kwa moja ule upepo wa S unapiga pale pale. Geuza maiki pembeni kidogo isielekee katikati ya mdomo, au ipandishe iwe usawa wa pua inaangalia chini. Umbali uwe shibiri moja. Unaweza kuskia tofauti mwenyewe ukiwa na hedifoni: mwambie mwimbaji arudie "sisi sote" mara nne huku unaigeuza maiki polepole, kuna sehemu S inalainika na irabu inabaki ile ile. Simama hapo. Dakika mbili hizo zinakuokolea saa nzima ya mikisi.

Kama una maiki ya kawaida ya jukwaani, ile ya dainamiki, mjaribu mwimbaji mwenye S kali kwenye hiyo. Watu wanaidharau kwa sababu haing'ai, ila huko juu haipandi kama kondensa na inachukua kelele kidogo za chumba. Mimi warapa wawili wa Mikindani siwaweki tena kwenye kondensa.

Na chumba. Wengi tunarekodi vyumba vya tofali vya kupiga plasta, juu bati, hamna silingi bodi, S inagonga ukuta inarudi. Nimeona watu wanatundika magunia matupu ya korosho ukutani. Gunia ni jembamba, linakula kidogo tu huko juu kabisa, ile sauti ya boksi ya katikati na chini inabaki yote. Simamisha godoro nyuma ya mwimbaji na lingine pembeni. Nyuma yake ndo muhimu zaidi kwa sababu maiki inatazama huko.

## Mwimbaji amepata kithembe

"Sasa" imekuwa "thatha". Di-esa imezidi, hilo kila mtu anajua, ila imezidi kwa njia tatu tofauti na dawa yake sio moja.

Ya kwanza, inashusha sana. Angalia mita yake, kama kwenye S inasoma dB 10 au 12, punguza mpaka 3 hadi 6. S inatakiwa ibaki, hii ni herufi kwenye neno, sio uchafu.

Ya pili, umeiweka sehemu sio. Di-esa nyingi zina kitufe cha kusikiliza kile tu inachokikata, mara nyingi kina alama ya hedifoni. Kibonyeze, alafu sogeza masafa taratibu huku wimbo unacheza, sehemu ambayo unaskia "tss" tupu bila mwili wa neno ndo penyewe. Kwa wanaume mara nyingi nakuta kHz 5 hadi 7, wanawake 6 hadi 9, na ile SH ya "shida" iko chini zaidi, kwenye 3 hadi 5. Ukiweka di-esa moja ianzie 3 ili ikamate vyote, inakula mwanga wote wa sauti na neno linakuwa la puani. Bora di-esa mbili nyepesi, moja ya SH na moja ya S, kila moja dB 3 tu. Hizi mbili ni tofauti na zile tatu nilizoanza nazo, kwa sababu zile zote zilikuwa zinapiga sehemu moja.

Ya tatu ndo watu hawaiangalii, na kwa Kiswahili chetu ndo inauma zaidi: rilizi ya di-esa. Kwenye Kiingereza neno linaweza kuishia na S, baada yake kunakuwa na upenyo, kwa hiyo di-esa ikichelewa kuachia hakuna anayeskia. Sisi karibu kila S inafuatwa hapo hapo na irabu, ukiondoa maneno kama stendi, askari, mstari. Kwa hiyo di-esa ikishika S ikachelewa kuachia inakula na mwanzo wa irabu, "siku" inaanza giza alafu inafunguka katikati. Ukikuza wimbi kwenye skrini utaona kabisa, S inaonekana kama brashi nene yenye manyoya, mara nyingi ina urefu wa milisekunde 100 na kidogo, alafu ghafla irabu inaanza na mawimbi yake yanayojirudia kwa mpangilio. Di-esa inatakiwa iwe imeshaachia hapo kwenye ghafla. Weka rilizi fupi, 20 hadi 40, sikiliza irabu, usisikilize S. Kama plagini yako haina kitufe cha rilizi tumia nyingine. TDR Nova ni ya bure, ni ikwalaiza inayoamka sauti ikivuka kiwango, ina ataki (muda wa kuanza kushika) na rilizi zake na inafanya kazi hii vizuri. Ukiwa na REAPER, programu ya kurekodi, ReaXcomp imo humo humo ndani.

Ikishindikana kabisa, fanya kwa mkono. Kata S moja moja kwenye treki, shusha geini yake dB 4 au 5, weka fedi fupi (sauti ishuke na kupanda taratibu) kila upande. Inachosha, ila inatoa sauti safi kuliko plagini yoyote kwa sababu haigusi kitu kingine. Ule mstari wa "sijasahau siku zile" mwisho wake niliufanya hivi, S saba, haikufika dakika tano.

Kuhusu iwe kabla au baada ya kompresa, mabishano hayo hayaishi. Mimi naweka nyepesi kabla ili S kubwa zisiamshe kompresa bure, na nyepesi baada ili kushika zile zilizopandishwa na kompresa. Kama unaweza moja tu, iweke baada, maana kompresa ndo inaharibu tofauti ya S na irabu.

## Sauti imekufa, iko bapa, maneno hayana kichwa

Unaskia mtu anaimba kwa nguvu lakini haikufikii, kama yuko nyuma ya pazia. Kila K na T imelainika, "kata" imekuwa kama "gada". Ni ataki ya haraka sana. Mwanzo wa neno ndo kichwa chake, kompresa ikikamata ndani ya milisekunde 0 au 1 inakikata kabla hakijatoka. Iachie, 10 hadi 20 kwa mtu anayeimba, 5 hadi 15 kwa rapa, sikiliza konsonanti zinarudi zenyewe.

Kuna mtego hapa kwa wanaotumia plagini zinazoiga kompresa ya 1176. Kompresa hiyo ilitoka 1967, na ataki yake ni ya haraka mno, ya taratibu kabisa ni milisekunde 0.8 na ya haraka ni 0.02. Na vitufe vyake vya ataki na rilizi vimegeuzwa: ukizungusha kwenda 7 unaongeza haraka, 1 ndo taratibu. Mtu anazungusha ataki hadi 7 akiamini anaichelewesha kumbe ndo anaikaza. Nimeona mafaili mengi sana ya namna hii, watu wanalaumu maiki. Ukiwa nayo anza na ataki kwenye 2 au 3, rilizi 6 au 7, resho 4, ishushe dB 3 hadi 5. Ukitaka kitu cha pole zaidi baada yake kuna plagini zinazoiga kompresa ya LA-2A, hiyo kazi yake ni vitufe viwili tu, cha kubana na cha geini, ataki yake inakaribia milisekunde 10, na kuachia kwake nusu inaachia haraka, kama milisekunde 60, nusu iliyobaki inachukua muda mrefu zaidi, hata sekunde kadhaa. Ndo maana inakaa vizuri kwa sauti za kuvuta, kaswida, taarabu, kwaya. Kwa rapa wa haraka peke yake haitoshi.

## Sauti inapumua, inazama na kuibuka

Nilienda Lindi kurekodi kwaya, watu kumi na wanne, maiki mbili. Nikamiksi pale pale kwenye laptop, narudi Mtwara kwa basi nimevaa iafoni, tumesimama Mnazi Mmoja watu wananunua maji, basi limezima injini, ndo nikaskia vizuri: kila besi wakiingia na "oo" yao soprano wanazama, besi wakinyamaza soprano wanaibuka. Kama mtu anafungua na kufunga mlango. Chanzo, besi wawili walisimama karibu na maiki, sauti nene ndo yenye nguvu nyingi kwenye mita, wao ndo walikuwa wanaiamuru kompresa na kila aliye kwenye treki anashuka nao.

Dawa ni kuifanya kompresa isisikie besi wakati inaamua. Plagini nyingi zina filta ya upande wa kusikiliza, saidicheni, weka ikate chini ya Hz 150 hivi. Sauti ya besi inabaki kwenye wimbo, ila haina tena amri. Kama plagini haina hicho kitufe, angalau weka ikwalaiza mbele ya kompresa ikate chini ya 80, huko kwa sauti nyingi za watu hamna kitu cha maana, ni miguu na magari yanayopita.

Tatizo hili hili kwa mtu mmoja linaletwa na P na B. "Pamoja baba" mtu akiwa karibu na maiki inatoa bomu la upepo, kompresa inakandamiza, na silabi inayofuata inazama. Utadhani mwimbaji amekosea. Dawa ni popu filta, hata ya soksi nyembamba iliyovutwa kwenye waya, pamoja na hiyo filta ya kukata chini.

Chanzo kingine ni rilizi kutolingana na mwendo wa wimbo. Hapa singeli inahitaji hesabu yake. Biti ya 240 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 250, na mtu akitema silabi nne kwenye pigo moja kila silabi inapata kama 62. Ukiweka rilizi 200 kama ulivyozoea kwenye bongo fleva, kompresa haiachii kamwe, imebana kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho, hiyo sio kompresa tena, ni volyumu umeshusha. Weka 30 hadi 50. Kwa wimbo wa 90 pigo ni milisekunde 667, hapo 100 hadi 200 inakaa vizuri. Angalia sindano ya mita, inatakiwa icheze na maneno, ishuke na irudi karibu sifuri kabla ya mstari unaofuata.

Usichanganye hii na pumzi zenyewe za mwimbaji, zile "hhh" kati ya mistari. Hizo kompresa inazipandisha kama inavyopandisha S, shusha kwa mkono dB 6 hadi 10. Usizifute zote, mtu asiyepumua kabisa anachosha kumsikiliza ingawa msikilizaji hatajua kwa nini.

## Mwisho wa maneno bado unazama

Umebana hadi dB 10, bado "nakupenda" inasikika "nakupe". Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na waimbaji wengi wakishafika pale wanaiachia ya mwisho ife. Ukibana zaidi ile PE inakuwa mbovu na NDA bado haijafika. Hii kazi sio ya kompresa. Pandisha NDA kwa otomesheni (volyumu inayopanda na kushuka yenyewe ulivyoichora) au geini ya kipande, dB 3 au 4, fanya wimbo mzima kabla hata hujafungua kompresa, utashangaa inavyobaki na kazi ndogo. Nikibaki na saa moja tu kwenye wimbo, dakika arobaini nazitumia hapa.

## Pangaboi limeingia kwenye wimbo

Mchana wa Novemba na Desemba huku kwetu bila feni mtu hakai chumbani, lakini kompresa ukiipa geini ya dB 8, pangaboi nalo linapanda 8 kwenye kila kimya. Geti au ekspanda, zile zinazoshusha sauti mtu akinyamaza, iwe kabla ya kompresa, sio baada, na isikate kabisa, ishushe dB 10 inatosha. Mvua ikipiga bati hamna plagini, subirini ipite.

## S zinabaki hewani baada ya neno

Zima riverbu, ule mwangwi wa kuongezwa. Zikiisha, ndo hiyo. S inaingia kwenye riverbu inasambaa kulia na kushoto "sshhh" sekunde mbili. Weka di-esa kali kwenye njia ya kwenda riverbu, hapo hata dB 10 ni sawa kwa sababu hakuna anayesikia neno lenyewe kule, au kata riverbu juu ya kHz 6. Dilei hivyo hivyo.

Dabo na adilibu, yani treki za kurudia mstari na za kutupia maneno, pia. Mtu akirudia mstari mara tatu, S tatu haziwezi kugonga pamoja, unapata "s-s-sawa". Acha S ya treki kuu tu, kwenye dabo zifedi hadi zipotee kabisa, irabu zikipanda juu ya ile kuu hakuna atakayejua.

## Studio safi, kwenye bajaji inachoma

Spika ndogo na simu hazina chini, kinachobaki ni katikati na juu, S inajitokeza zaidi. Kabla hujarudi kwenye di-esa angalia faili ulilotuma. MP3 ya kilobiti 64 inaharibu S kuliko kitu kingine, inazifanya zilie kama maji yanayochemka, na hakuna setingi ya mikisi inayotibu hilo. Tuma 320. Angalia pia limita ya mwisho, ile kompresa kali inayozuia sauti kupita kiwango, ikiwa inashusha dB 6 au 7 inafanya kile kile nilichoeleza kwa namba huko juu, irabu chini, S juu. Ipunguze ifike 2 au 3 alafu sikiliza tena kwenye ile ile bajaji.

## Kila kitu umejaribu

Kuza wimbi uangalie vichwa vyake. Vikiwa vimekatwa bapa kama meza, ilirekodiwa imepasuka, kompresa itapandisha ule mkwaruzo na di-esa haitauona kwa sababu umeenea masafa yote. Rudia kurekodi. Weka biti 24, geini ya maiki iwe mahali ambapo mtu akipiga kelele kabisa mita inafika -10, usiogope wimbi kuonekana dogo.

Yule wa Msangamkuu niliwahi kumwita tena kwa wimbo mwingine uliopasuka hivi. Alikuja na kivuko cha asubuhi kabla jua halijawa kali, feni tukazima, maiki nikaigeuza pembeni kidogo usawa wa pua, tukarudia mistari minane. Kompresa inashusha dB 4, di-esa dB 2, na wimbo huo ndo niliomaliza haraka kuliko zote za mwaka ule.